Kagueni Paa Kabla ya Mvua
Leo tunazungumzia shule.

Mwaka 2005 Burundi ilifuta karo ya shule za msingi. Watoto wakafurika, madarasa hayakutosha, wengi wakasoma kwa zamu, asubuhi na alasiri. Wananchi wakajenga madarasa mapya katika kazi za pamoja za Jumamosi.

Lakini darasa hujengwa mara moja, hutunzwa kila mwaka. Mvua huanza wakati uleule shule zinapofunguliwa. Bati likivuja, daftari hulowa na mtoto hurudi nyumbani.

Basi Jumamosi hii, kamati ya wazazi ikague paa na mifereji, iandike palipoharibika, impe mkurugenzi wa shule orodha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwaherini.