RAMANI YA DELTA YA RUFIJI HUANZIA IFAKARA

(Mazungumzo ya Afisa Habari mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi, Ifakara)





Sisi tuliotoka visiwani tunaijua Rufiji kwa boriti zake, ambazo zimebeba dari nyingi za Mji Mkongwe. Delta ile tunaijua pia kwa jambo la vita. Tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Wajerumani walikwishaipima mikono ya mto ule kabla ya vita. Waingereza hawakuwa na ramani ya namna hiyo, na hadi Julai 1915 ndipo manowari ile ilipoangamizwa.

Maji yanayoichimba mikono hiyo kwa sehemu kubwa hutoka kwenu, na pia sehemu ya udongo unaoilisha mikoko. Mito ya Udzungwa na Mahenge hukusanyika katika bonde hili; Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Disemba 2022, sasa limekaa katikati na huzuia sehemu ya udongo huo. Ramani ya delta iliyochorwa kabla ya hapo haifai kutegemewa bila ya kupimwa upya.

Ugumu wa Ifakara ni utambarare wake. Ramani ambayo mistari yake ya mwinuko hupishana kwa mita 20 yaweza kukiweka kijiji, mto na shamba la mpunga katika nafasi moja tupu, ilhali mkulima anajua kuwa nusu mita tu ndiyo inayotenganisha jaruba na ziwa. Aidha, picha za angani hupigwa zaidi wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa safi na maji yameshajitenga. Masika ya 2024 yaliwafika watu wa Kilombero na wa Rufiji pamoja, na mashamba yakafunikwa huku na huku.

Basi, mpimaji akifika, wazee wamuoneshe maji yalikofika, ukutani au katika shina la mti. Vijiti na mawe ya upimaji yasing'olewe. Nanyi watumishi wa ardhi, msigawe viwanja kwa kutazama ramani ya kiangazi peke yake.