Malengo ya Mwaka Mpya kwa Walezi wa Watoto
(Hotuba kwa wanachama wa Ukunda, Diani na Msambweni)



Kila Januari twajiwekea malengo makubwa, na masika yakifika tumekwisha kuyasahau. Sababu twaijua. Hoteli za Diani hujaa Desemba, lakini kuanzia Aprili mvua hunyesha, wageni hupungua na vibarua husimamishwa. Mzazi asiye na kazi hawezi kumlipa mlezi. Basi malengo ya Januari tuyapime kwa mfuko wa Mei.

La kwanza ni hesabu ya watoto. Anayelea watoto nyumbani kwake asipokee wengi kuliko anaoweza kuwatazama. Mchanga hana budi kubebwa, na huku anayetambaa amekwisha fika jikoni penye moto. Ada ya mtoto mmoja zaidi haifidii ajali moja.

La pili ni maandishi. Tupatane na wazazi mapema juu ya ada, saa ya kumchukua mtoto, na kiasi kitakachotolewa mzazi akikosa zamu. Kupokea nusu iliyoandikwa ni afadhali kuliko kugombania deni zima.

La tatu lawahusu mayaya wa majumbani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yaandikwe. Yampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi, yenye mshahara, kila miezi 12. Hiyo ni haki, si hisani. Asiyeweza kuyapata yote kwa pamoja aanze na siku ya kupumzika, kisha adai maandishi. Akiogopa kusema peke yake, na aje chamani.

La nne ni akiba. Tuweke kidogo kila wiki tangu Januari hadi Machi, ili masika yasitukute mikono mitupu.

Liko na lengo letu sote. Katiba ya mwaka 2010 imeweka vituo vya kulelea watoto chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo ombi la kituo karibu na mahali pa kazi lipelekwe Kwale kwa sauti moja, nasi tuliandike pamoja mwaka huu.

Ndugu zetu, mambo ni hayo machache. Tukiyatimiza, mwakani tutaongeza.

Umoja ni nguvu.