Kiingereza cha Sikio: Mazungumzo ya Kila Siku na Simu katika Masisi na Walikale



Kiingereza tunachofundisha katika shule zetu ni cha karatasi. Kijana wa Nyabiondo au wa Mubi anamaliza masomo ya sekondari akiwa amejaza daftari zima kwa vitenzi, anaingia mtihani wa serikali, Exetat, anachagua herufi ya jibu sahihi, anapata pointi zake, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuzungumza na mtu kwa simu kwa Kiingereza. Nimekuja kutetea jambo moja: katika teritwari za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, mazungumzo ya kila siku na simu ndiyo yawe kiini cha somo, na sarufi iyatumikie.

Wapo watakaouliza: nani anapiga simu kwa Kiingereza kutoka Masisi? Mtu wa huko anaamka na Kihunde au Kinyarwanda, anauza sokoni kwa Kiswahili, anasoma kwa Kifaransa. Kule Walikale anaamka na Kinyanga au Kikumu, mengine ni hayo hayo. Swali ni la haki. Lakini askari wa Umoja wa Mataifa waliokaa kwenye vilima vyetu tangu miaka ya 2000 wengi wao walitoka India, na mwaka 2013 ikaongezwa brigedi ya Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Kule Bisie, katika msitu wa Walikale, bati linachimbwa na Alphamin, kampuni yenye hisa zinazouzwa katika masoko ya Toronto na Johannesburg. Ndugu zetu waliokimbilia Nakivale, Uganda, wanakuta vibao vya zahanati vimeandikwa kwa Kiingereza. Na tangu Julai 2022 nchi yetu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo Kiingereza kimekwisha kufika kwetu, na mara nyingi kinafika kupitia simu, sauti ya mtu tusiyemwona.

Niruhusuni niseme juu ya Luvungi, ingawa kuna watu humu ndani ambao jina hilo ni jeraha kwao. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji 13, Luvungi kikiwa kimojawapo, vya barabara ya Kibua na Mpofi, teritwari ya Walikale, watu wasiopungua 387 walibakwa: wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, kama kilomita 30 kutoka Luvungi. Misheni ya Umoja wa Mataifa ilisema kwamba ililetewa habari za ubakaji ule tarehe 12 Agosti na shirika la International Medical Corps. Tarehe 7 Septemba, Atul Khare, afisa mkubwa wa operesheni za amani, alikiri mbele ya Baraza la Usalama kwamba hata Umoja wa Mataifa ulishindwa. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika uchunguzi wa tukio hilo ni kwamba eneo lile halikuwa na simu, na wakalimani walikuwa wachache. Ntabo Ntaberi Sheka, mmoja wa viongozi wa makundi yaliyofanya uovu ule, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi huko Goma mwezi Novemba 2020.

Sisemi kwamba Kiingereza kingewaokoa watu wa Luvungi. Mwenye dhambi ni aliyebaka, na pasipo rezo, yaani mtandao wa simu, hakuna lugha inayovuka kilima. Lakini angalieni kilichofuata. Misheni ilianza kugawa simu na redio vijijini, ikapanga mawasiliano ya mara kwa mara na kambi, ikaajiri Wakongo kuwa wasaidizi wa uhusiano na jamii. Mama wa kijijini anapiga simu kwa Kiswahili. Msaidizi anapokea, anageuza kuwa Kiingereza, anampa kamanda. Kamanda anawaamuru askari wake kwa lugha yao. Usalama wa kijiji kizima unapita katika kinywa cha kijana mmoja wa kwetu, ambaye Kiingereza chake alikipata katika daftari lile la vitenzi. Kazi ya namna hiyo tunamwandalia nani, na tunamwandaa vipi?

Nianze na neno fupi kuliko yote, ndiyo. Ukiniuliza, “Hujawaona?” nami sijawaona, nitajibu, “Ndiyo,” yaani ni kweli, sijawaona. Kiingereza kinataka nijibu hapana. Afisa anauliza kwa simu kama hakuna watu wenye silaha barabarani; kijana wetu, akifikiri kwa Kiswahili, anajibu “yes” akimaanisha kwamba hawapo; afisa anasikia kwamba wapo. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi. Kosa hili halionekani katika mtihani wa kuandika, maana mtihani haumuulizi mtu swali la kukanusha huku mvua ikipiga mabati. Dawa yake ni nyepesi: mwanafunzi azoezwe kutojibu kwa neno moja tu. Aseme sentensi nzima, “No, I have not seen them.” Azoezwe mpaka ulimi uitoe wenyewe.

Kuna pia “yes” ya adabu, na hii inanihuzunisha kwa sababu inatokana na wema. Kwetu kijana hamwambii mkubwa arudie maneno. Anaitikia kwanza, kisha anamuuliza mwenzake pembeni. Kwenye simu hakuna pembeni. Mzungumzaji wa upande wa pili akisikia “yes, yes, yes” anahesabu kwamba ameeleweka na amekubaliwa, anakata, na kijana anabaki na simu mkononi bila kujua ameitikia nini. Ningependa kila mwanafunzi wa Masisi na Walikale, kabla ya kujifunza kuisifu familia yake kwa Kiingereza, ajifunze kumkatiza mkubwa kwa heshima: kumwomba arudie, kumwomba aseme polepole, kisha kumrudishia alichosikia ili amsahihishe. Huko kurudisha maneno ndiko kunakofanywa na marubani na minara yao kila siku, wala hakuna anayewaona wakosefu wa adabu.

Sasa herufi. Sisi tunataja herufi kwa Kifaransa, na hapo mtego unakaa wazi. Herufi I ya Kifaransa ni sauti ile ile ambayo Mwingereza huiita E. G yetu ya Kifaransa inakaribia sana J yake, na J yetu inakaribia G yake. Chukueni Ndjingala, kule Walikale: jina lina J na G na I pamoja. Ukilitaja herufi kwa herufi kwa Kifaransa, msikilizaji wa Kiingereza ataandika mahali pasipokuwepo kwenye ramani yoyote. Ndiyo maana kuna alfabeti ya redio, Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea, iliyoanza kutumika kimataifa mwaka 1956 kwa ajili ya usafiri wa anga. Madereva wengi wa mashirika mjini Goma wanaijua kwa sababu ya redio zao za motorola. Haiwezi kuwa ngumu mno kwa darasa la sekondari; ni maneno 26, na watoto huyaimba kwa siku chache.

Tarakimu ni hivyo hivyo. Namba ya simu tunaisoma mbili mbili kwa Kifaransa cha Kibelgiji: “zéro nonante-neuf.” Kwa Kiingereza husomwa tarakimu moja moja, na Mhindi au Mganda atakuambia “double nine”, jambo linalomshangaza mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu mpaka mia tu. Halafu kuna jozi ya 13 na 30, 15 na 50, ambazo kwenye rezo mbovu hazitofautiani hata kwa mwenye lugha. Mtu akisema watu 15 wamekimbia na ikasikika 50, magunia ya unga yatapangwa kwa hesabu isiyo yake. Itaje namba mara mbili: kwanza nzima, kisha tarakimu moja moja.

Majina ya vijiji vyetu yanadai uangalifu wa pekee, na hapa hakuna kitabu cha London kitakachotusaidia. Lushebere iko Masisi, jirani na Masisi-centre. Kashebere iko Walikale, karibu na mpaka wa Masisi. Silabi moja inazitenganisha, na ndiyo silabi ya mwanzo, ile ambayo simu huimeza rezo inapochelewa kushika. Masisi haifiki kilomita za mraba 5,000, Walikale inazidi 23,000. Mgeni aliyekosea silabi atatuma gari upande usiofaa wa milima. Kwa hiyo katika mazoezi jina la kijiji lisitajwe peke yake. Liambatane na teritwari, na barabara, na kijiji cha jirani kinachojulikana. Tena tuseme barabara ya Sake kwenda Masisi, au barabara ya taifa namba 3 upande wa Bukavu, kwa maana “kule juu” na “huku chini” tunazielewa sisi tuliokulia mlimani, lakini hazimo katika ramani iliyoko mezani kwa afisa.

Na saa! Saa mbili ya usiku ni saa ishirini. Anayeigeuza neno kwa neno atasema saa mbili ya Kiingereza, yaani usiku wa manane, na tukio la jioni litakuwa limesogezwa saa sita mbele. Kifaransa kimekwisha kutuzoesha kuhesabu saa mpaka 24, na wanajeshi hufanya hivyo hivyo. Tuitumie hesabu hiyo kwenye Kiingereza na shaka itaondoka.

Yote haya yanafundishika bila umeme. Wanafunzi wawili wanakaa mgongo kwa mgongo. Mmoja ana ramani ndogo aliyoichora mwenyewe, mwingine ana karatasi tupu. Wa kwanza anaeleza, wa pili anachora, hakuna kugeuka. Baada ya wiki chache mmoja anasimama nje ya dirisha. Baadaye, shule ikiwa na simu mbili, mmoja anaenda darasa la pili. Mvua ikianza kunyesha juu ya bati, mwalimu asisimamishe somo, bali alianze hapo. Wenye simu za WhatsApp watumie kwanza odio, yaani ujumbe wa sauti, kwa sababu odio unaweza kuisikiliza tena na kuirekodi upya bila aibu. Kutoka odio mtu anavuka kwenda kwenye simu ya moja kwa moja. Na salamu tusizitupe. Simu ya kuomba kazi, ya kumuuliza muuguzi dawa inanywewa lini, ya kumwambia mwenye nyumba kwamba utachelewa kulipa, hizo zinataka salamu na utulivu. Simu ya hatari ndiyo inayotanguliza mahali, kisha tukio, kisha jina lako, ili unite za simu zikikwisha, lililo kubwa liwe limefika.

Kuna ndugu zetu wa Masisi walioishi miaka mingi katika kambi kama Kiziba, Rwanda, kisha wakapelekwa Marekani kabla mlango wa kuwapokea wakimbizi haujafungwa Januari 2025. Kwao sentensi ya kwanza ya simu ni ile ya kuomba mkalimani: “Swahili interpreter, please.” Hospitali za kule zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kumhudumia mgonjwa asiyejua Kiingereza, lakini lazima kwanza asikike akitaja lugha yake. Mzazi anayejua sentensi hiyo hamlazimishi mtoto wake wa miaka kumi kutafsiri ugonjwa wa mama yake.

Najua pingamizi lililo mioyoni mwenu, nami nalibeba pia. Kwa nini mzigo uwe wetu? Mbona anayekuja kutulinda, kututibu au kuchimba bati letu asijifunze Kiswahili, ambacho wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikwisha kukikubali mwaka 2021 kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa? Nakubaliana kabisa. Watanzania wa brigedi ile walipofika walisema na mama sokoni bila mtu wa kati, na hilo lilikuwa na thamani isiyopimika. Tudai hivyo kwa kila kikosi na kila kampuni, kwa barua na kwa sauti. Lakini siwezi kumwambia mama wa Mpofi asubiri mpaka mgeni amalize kozi. Vita havikusubiri: Masisi-centre ilitekwa mwanzoni mwa Januari 2025, Walikale-centre mwezi Machi, na katika wiki zile kila simu iliyopigwa kwenda nje ilikuwa na uzito wake.

Basi naomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu mwaka huu. Katika idara yetu ya Kiingereza, mtihani wa kusema ufanyike kwa simu, mwalimu akiwa chumba kingine, na mwanafunzi apewe pointi kwa kuomba kurudiwa, asinyang’anywe. Wanafunzi wanaotoka Masisi na Walikale waandike orodha ya majina ya vijiji vyao, pamoja na matamshi, barabara na majirani, tuichape na kuigawa mashuleni. Na kila ofisi inayobandika namba ya simu ukutani huku ikituita tupige, iandike chini yake ni saa ngapi inapokea, na anayepokea anasema lugha gani.