Wagosi Wanacheza, Kaya Iko Wapi?

Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam

  

Kamati imenipa dakika chache nizungumzie kwa nini Coastal Union, timu ya kwetu, inakosa mashabiki nyumbani kwao. Najua wapo wanaojiuliza, chama cha kuchangia madawati na visima kimeingiaje kwenye mpira? Nivumilieni, nitafika huko.

Nianze na jina. Timu yetu inaitwa Wagosi wa Kaya. Kwa asiyejua lugha za kwetu, mgosi ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Wanaume wa nyumbani. Klabu hii ipo tangu 1948, na mwaka 1988 ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Lakini nenda Mkwakwani leo, siku timu inacheza na klabu nyingine ya mkoani. Wagosi utawaona uwanjani, kaya utaitafuta majukwaani.

Rudi tena siku anapokuja Simba au Yanga. Hapo Mkwakwani panajaa, na foleni inaanza mapema. Ila angalia rangi. Aliyejaza uwanja ni mtu wa Ngamiani, wa Muheza, wa Korogwe, na amekuja kuishangilia timu ya Kariakoo dhidi ya timu ya mtaani kwake.

Wengi husema watu wa Tanga hawapendi chao. Mimi sikubali. Ukimuuliza shabiki huyo, atakwambia Coastal ni timu yake pia. Tatizo ni hilo neno "pia". Coastal imekuwa timu ya pili ya kila mtu, na timu ya pili haikatiwi tiketi.

Tumefikaje hapa? Naona sababu nne.

Ya kwanza ni urithi. Yanga ilianza 1935, Simba 1936. Redio ilipoingia vijijini, mpira uliotangazwa sana ni wa hao wawili. Babu alichagua upande kando ya redio, baba akarithi, mtoto akazaliwa humo. Hakuna aliyekaa akaamua kuikataa Coastal. Hakukuwa na mtu wa kumrithisha.

Ya pili ni sisi wenyewe tuliomo humu ukumbini. Enzi za mkonge, reli na viwanda, Tanga ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wenye mshahara wa mwezi, na mfanyakazi akitoka kazini alikuwa na nauli ya kiingilio. Mkonge ulipoporomoka na viwanda vikafungwa, watu walifuata kazi. Wengine wako hapa leo. Tuliondoka na mishahara yetu, na watoto wetu tukawalelea jirani na Msimbazi na Jangwani.

Ya tatu ni umbali na saa. Mkoa wetu ni mkubwa. Mtu wa Lushoto, Handeni au Kilindi akitaka kuona mechi ya saa 10 jioni siku ya kazi, aache shughuli, alipe nauli, na mpira ukiisha atafute pa kulala. Mechi hiyo hiyo ataiona kwenye runinga kwa jirani. Mwaka 2021 shirikisho letu la mpira liliingia mkataba wa matangazo ya Ligi Kuu wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Fedha hizo zimezisaidia klabu, tusiwe wachoyo wa kushukuru. Lakini runinga humleta mchezaji sebuleni, haimpeleki shabiki jukwaani. Isitoshe, msimu wa 2024/25 Coastal ilicheza baadhi ya mechi zake za nyumbani nje ya Tanga. Shabiki aliyezoea kukaa nyumbani akazidi kuzoea.

Ya nne ni wachezaji. Mwaka 2020 beki wetu Bakari Mwamnyeto alikwenda Yanga. Mwaka 2022 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Tukatoka 3-3 na Yanga, mabao yote 3 yakifungwa na kijana wetu Abdul Suleiman Sopu. Tukapoteza kwa penalti. Msimu uliofuata Sopu alikuwa Azam. Siwalaumu vijana, riziki haina mipaka. Ila mtoto anayetazama hujifunza kwamba mchezaji mzuri ni yule anayeondoka, na yeye humfuata huko aendako.

Sasa naomba mnisikilize kwa hesabu ndogo. Ligi Kuu ina timu 16. Kila timu inacheza mechi 30 kwa msimu, 15 nyumbani na 15 ugenini. Katika hizo 30, ni 4 tu ambazo Coastal inakutana na Simba na Yanga. Zimebaki 26. Katika mechi 26 Mwanasimba hana ugomvi wowote na Coastal, na Mwananchi vilevile. Kwa hiyo simwombi mtu abadili timu. Mzee wa miaka 60 hubadilishi. Naomba zile mechi 13 za nyumbani ambazo hakuna cha kugombania, na bado majukwaa yako wazi.

Inawezekana? Waulizeni watu wa Mbeya. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza nafasi ya 3. Nyanda za Juu zilivaa zambarau, na mashabiki wakaifuata timu mikoani. Wale hawakuzaliwa bila Simba na Yanga. Walipewa kitu chao, wakakishika.

Na sisi tumeona inakuwaje kaya ikilala. Mwaka 2016 timu tatu zilishuka daraja kutoka Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu za Tanga! Mkoa uliokuwa na timu tatu ukaamka hauna hata moja. Coastal ilirudi msimu wa 2018/19, na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya 4 na kupata nafasi ya kucheza Afrika. Timu imeonyesha kwamba inaweza. Zamu sasa ni yetu.

Hapa ndipo maendeleo yanapoingia. Timu ya Ligi Kuu ikiwa Tanga na watu wakienda uwanjani, mama wa mihogo na samaki anauza, bodaboda anapata abiria, nyumba ya wageni inalaza. Timu ikishuka, wa kwanza kulala njaa ni hao, na ndio dada zetu na wadogo zetu.

Kamati inapendekeza fungu moja katika harambee ya mwaka huu, lenye kazi mbili. Kwanza, tiketi za watoto wa shule kwa zile mechi 13. Mtoto akienda na mwalimu wake mara tatu nne kwa msimu, akamwona mchezaji kwa macho, akarudi shuleni akibishana na wenzake, huyo mmempata. Pili, basi la zamu kwa wilaya za mbali, wiki hii Lushoto, mechi nyingine Handeni, nyingine Pangani, liwapeleke na kuwarudisha usiku uleule.

Fedha hizi hazitapita mfukoni mwa kiongozi yeyote, wa klabu wala wa chama. Tiketi tutazilipia wenyewe, basi tutalilipia wenyewe, na stakabadhi zitasomwa hapahapa mwakani. Nasema hivi kwa sababu watu wetu wamechoka kuchangia timu bila kujua mchango umekwenda wapi, na hiyo nayo ni sababu ya majukwaa kuwa matupu.

Na kwa klabu, tutapeleka maombi mawili: ratiba ya mechi ifike mashuleni na misikitini na makanisani mapema, na jezi ipatikane kila mji wa wilaya. Jezi ya Simba na Yanga unaikuta imetundikwa kila stendi. Ya kwetu inabidi uulizie.

Ndugu zangu, tunasema Tanga waja leo waondoka leo. Tusikubali maneno hayo yawe ya timu yetu. Katikati ya kijitabu hiki kuna fomu ya ahadi. Andika jina lako, andika ni watoto wangapi utawalipia msimu huu, umkabidhi mweka hazina kabla hujatoka. Anayeweza mmoja, mmoja. Anayeweza darasa zima, Mungu ambariki.