Kama Hutakaa Mwaka Mzima, Usianze
(Maneno yaliyosemwa kwenye sherehe ya ushirika, Karusandara)

   Ndugu mliovuka Mpondwe kutoka Kasindi, Beni na Butembo, poleni na barabara. Wa Bwera na wa Kasese mjini, karibuni Karusandara.

Nimepewa dakika kumi na tano nizungumze juu ya vijana. Kila sherehe tunazungumza juu yao. Wanapiga magoti hapa mbele, tunawawekea mikono, tunapiga picha. Jumatatu wamerudi kwenye steji ya boda. Leo tutaomba pia, msiogope, lakini mimi nataka tukubaliane kazi.

Kazi ni hii. Mtu mzima mmoja wa ushirika anachukua kijana mmoja ambaye si wa nyumba yake. Wanakutana kila wiki, muda wa saa moja, mwaka mzima. Hakuna mshahara, hakuna posho.

Si jambo geni duniani. Mwaka 1904 kule New York, karani wa mahakama ya watoto, Ernest Coulter, alichoka kuona wavulana wanapita mbele ya hakimu kila siku. Akaenda kwa wanaume wa kanisa moja, akawaomba kila mmoja awe rafiki wa mvulana mmoja. Watu kama 40 wakakubali. Kutoka hapo ikazaliwa kazi inayoitwa leo Big Brothers Big Sisters. Angalieni alichoomba. Hakuomba jengo wala gari. Aliomba watu.

Sasa sisi. Wazee mnakumbuka reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Kijana wa wakati ule alimwona baba yake akitoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Hakufundishwa kazi ni nini, aliiona. Leo treni haiji, na kijana anaona watu wazima wamekaa. Mto Nyamwamba ukafurika 2013, ukafurika tena 2020, ukabeba nyumba za watu. Shule zikafungwa Machi 2020, hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, na wapo watoto ambao hawakurudi tena.

Halafu mpaka wetu. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi, katika ibada, katika kanisa la Kipentekoste kama haya yetu, likaua zaidi ya watu kumi. Juni mwaka ule ule wakaingia shule ya Lhubiriha usiku. Wanafunzi 37 walikufa. Naona mnainamisha vichwa. Sitaendelea na hilo, wenyewe mnajua.

Ila nisikieni hapa. Wale wanaowapeleka vijana msituni hawaji na bunduki siku ya kwanza. Wanakuja na kazi. "Kuna kazi ng'ambo, kuna mtu atakulipia ada." Kijana ambaye hana mtu mzima wa kumwuliza, "Mzee, hii kazi ni ya kweli?" atamwuliza nani? Atamwuliza yule yule aliyemletea kazi. Mlezi tunayemtafuta ni mtu wa kuulizwa swali hilo kabla kijana hajapanda gari.

Sasa neno gumu. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Jean Grossman na Jean Rhodes, waliandika juu ya vijana waliopewa walezi wa namna hii. Waliokaa na mlezi mwaka au zaidi ndio waliofaidika kuliko wote. Lakini wale ambao mlezi aliacha kabla ya miezi mitatu walishuka, walijiona hawana thamani kuliko mwanzo. Yaani bora wasingepewa mtu! Na wetu hawa tayari wameachwa. Baba alikwenda Kampala, mama yuko Arabuni anafanya kazi za nyumbani. Wewe ukija kwa moto wa sherehe, ukapotea mwezi wa pili, umemwongezea mtu mwingine wa kumkimbia. Kwa hiyo nasema bila aibu: kama hutakaa mwaka mzima, usianze. Endelea kutuombea, nayo ni kazi.

Mengine ni ya kawaida ila tusiyapuuze. Mama kwa msichana, mwanaume kwa mvulana. Mnakutana mahali pa wazi, chini ya mwembe, sokoni, shambani, si chumbani kwako. Mzazi au bibi wa kijana ajue na akubali, na mwenyekiti wa LC ajue. Kila mlezi tumwulize kwa majirani zake kwanza, hata akiwa mzee wa kanisa. Hasa akiwa mzee wa kanisa, maana huyo hakuna anayethubutu kumwuliza. Pesa usimpe. Ukimpa leo, wiki ijayo atakuja kwa ajili ya pesa, na usipokuwa nayo utaona haya, utajificha.

Na tusiweke sharti la kuokoka. Kijana awe Mkatoliki, awe Mwislamu, wa wakulima au wa wafugaji, ni kijana. Najua sisi tunapenda kuhubiri! Miezi ya kwanza msikilize tu. Palilieni pamoja. Mhesabu pamoja pesa ya boda ya wiki, imekwenda wapi.

Ndugu wa Congo waliuliza jana kama mlezi anaweza kutoka upande huu. Mimi naona hapana. Mpaka ulipofungwa 2020 mlikuwa huko na sisi huku. Kijana wa Kasindi apate mtu wa Kasindi, ila walezi wa pande zote wakutane mara moja kila miezi mitatu wasaidiane.

Tuanze na walezi kumi na wawili, hapa Karusandara tu. Daftari liko kwa mama karani pale mlangoni. Mwenye mpango wa kuhama kabla ya sherehe ijayo asiandike jina. Wengine mwandike na siku ya wiki mtakayokuwa na nafasi, kwa sababu jina bila siku tutalirudisha.