Ulinzi wa Mitambo Yetu: Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu



Juu ya bei za mazao na madeni ya pembejeo wenzangu watasema kwa ufasaha kuliko mimi. Mimi nimepewa nafasi ya kunena jambo ambalo siku tulipoandikisha chama hakuna aliyelifikiria. Tangu pampu za visima vyetu zifungiwe vyombo vya kuendeshwa kwa simu, fundi aweza kukaa nyumbani kwake akawasha pampu iliyo mbali kilomita 10. Ni raha kubwa. Lakini njia apitayo fundi, mwivi naye aweza kuipita.

Aghalabu nawasikia wanachama wakisema, "Sisi ni wadogo, nani atajisumbua na kisima cha kijiji?" Tarehe 25 Novemba 2023, katika mji mdogo wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani, wadukuzi waliingia katika mashine inayosimamia msukumo wa maji kwenye kituo kimoja cha pampu. Kengele ikalia, mafundi wakaizima mashine ile wakaendesha kituo kwa mikono, na wananchi hawakudhurika. Wadukuzi wale, ambao serikali ya Marekani ilisema ni watu wa jeshi la Walinzi wa Mapinduzi la Iran, hawakuwa na ugomvi na Aliquippa. Ugomvi wao ni na Israel, na mashine ile ilitengenezwa Israel. Basi udogo haukuwa kinga. Mashine za namna hiyo zilikuwa zikitoka kiwandani na neno la siri 1111, na serikali ikawaonya wote wenye nazo walibadili, tena waziondoe mashine zao katika njia ya wazi ya intaneti. Hebu fikirini, mabibi na mabwana: tarakimu moja mara nne!

Habari ya pili yatugusa zaidi, kwa kuwa ni ya wanaushirika wenzetu. Delta-Montrose Electric Association, katika jimbo la Colorado, ni chama cha ushirika kinachowagawia wanachama wake umeme. Tarehe 7 Novemba 2021 kiligundua kuwa kimeshambuliwa. Umeme haukukatika. Bali asilimia 90 ya kazi za mtandao wake wa ndani ziliharibika, simu na barua pepe zikanyamaza, na kumbukumbu za miaka zaidi ya 20 zikapotea. Ankara hazikuweza kutolewa kwa majuma kadhaa, na chama kikaahirisha kumkatia mtu yeyote umeme kwa ajili ya deni hadi mwisho wa Januari 2022.

Mimi ni katibu, na kwangu habari hii ni nzito kuliko ile ya pampu. Pampu hununuliwa. Lakini daftari la hisa likifutika, mama mjane ambaye marehemu mumewe alilipa hisa zake kwa magunia ya kahawa atathibitisha haki yake kwa kitu gani? Kwa hiyo nataka nakala ya vitabu vyetu itolewe kila juma, iwekwe katika chombo kisichounganishwa na mtandao wowote, kitunzwe sandukuni mbali na ofisi. Tena ifunguliwe mara kwa mara mbele ya mhasibu, ili tujue yasomeka.

Kadhalika tusiache ujuzi wa mikono. Tarehe 23 Desemba 2015, nchini Ukraine, wadukuzi walizima umeme wa wateja wapatao 225,000 wa makampuni matatu. Waliingia kwa barua pepe zenye hati za hila, walizozifungua wafanyakazi wenyewe. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni wakawasha swichi kwa mikono. Hapa kwetu, mzee wetu wa pampu, ajuaye kila koki, astaafu mwaka huu. Naomba kabla hajaondoka apewe vijana wanne awafundishe, na simu zao zibaki ofisini wakati wa mafunzo.

Maneno ya siri ya kiwandani fundi atayabadili kabla ya mwezi kwisha, na mtumishi akiacha kazi ruhusa yake itafutwa siku ile ile. Hayo hayahitaji fedha. Fedha za sanduku, vyombo vya nakala na posho ya mwalimu nimeziandika katika makisio mliyogawiwa asubuhi, nazo zitapigiwa kura baada ya chakula cha mchana.