Kuufufua Mtambo wa Pikipiki ya Kale



Wenyeji wa Mkumbara, chini ya milima ya Usambara, wajua jinsi chuma kinavyoweza kutoweka. Kabla ya vita vya mwaka 1914 Wadachi walijenga njia ya kamba za chuma, zilizopita angani, ili kuteremsha mbao za mitarakwa kutoka Shume hata kwenye reli hapo Mkumbara. Reli yenyewe ilianzwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Njia ile ya kamba haikudumu, wala hakuna mtu mmoja awezaye kuirudisha. Lakini pikipiki ya babu, iliyolala ghalani chini ya magunia, yaweza kurudishwa, iwapo mrithi wake hataiharibu kwa haraka.

Haraka yenyewe ni hii: kuikata fremu na kuchomelea mtambo wa namna nyingine, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Fremu ikiisha kukatwa, mali imeharibika. Afadhali kungoja mwaka mzima kuliko kukata kwa saa moja.

Tutwae mfano wa BSA M20. BSA kilikuwa kiwanda cha silaha cha Birmingham, Uingereza. Pikipiki hii ilianza kutengenezwa mwaka 1937, na katika vita vya 1939 hata 1945 jeshi la Waingereza lilipewa zaidi ya 126,000. Kwa kuwa zilikuwa nyingi, vipuri vyake vyapatikana hata leo, vingine vya zamani, vingine vipya.

Ukitaka kununua mtambo, kwanza soma herufi na tarakimu zilizopigwa juu ya chuma chake, uzilinganishe na hati za pikipiki. Pili, angalia nusu mbili za kasha la chini. Nusu hizo hukerezwa pamoja kiwandani. Nusu ya mtambo huu na nusu ya mtambo ule hazipatani, hata zikifanana kwa macho. Tatu, mwuzaji akikataa kuonyesha ndani ya silinda, usimpe fedha. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa tuje kwenye kazi. Mtambo uliokaa miaka mingi aghalabu hushikwa na kutu. Usiupige nyundo. Mimina mafuta mepesi katika tundu la plagi, uache siku kadhaa, kisha ujaribu kuuzungusha polepole. Ukifungua, kila kipande kiandikwe daftarini na mahali kilipotoka, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Kisha pima silinda, juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Silinda iliyochakaa huwa na umbo la yai. Ya M20 ilipokuwa mpya ilikuwa na upana wa milimeta 82, na mwendo wa pistoni ni milimeta 94. Enyi wanafunzi, fanyeni hesabu: nusu ya upana ni 41, zidisheni 41 kwa 41, kisha kwa 3.1416, kisha kwa 94, kisha gawanyeni kwa 1,000. Mtapata sentimeta za ujazo 496. Fundi akiikereza hata ifike milimeta 83, ujazo utakuwa kama 509. Basi pistoni ipatikane kwanza, ndipo silinda ikerezwe kwa kuifuata. Ukikereza kabla, waweza kukosa pistoni ya kuifaa, na chuma kilichoondolewa hakirudi.

Jaribu pia mkono wa pistoni. Ukiuinua na kuushusha, ukisikia unagonga, beringi ya chini imekwisha. Usifunge mtambo mpaka itengenezwe. Valvu zisagwe hata zikae sawasawa, na pampu ya mafuta isafishwe, kwa maana mtambo usiopata mafuta hufa upesi.

Ukiisha kuuwasha, usiukimbize. Katika safari za kwanza uende polepole, vyuma vipate kuzoeana, kisha mwaga mafuta yale ya kwanza, uweke mapya.

Kazi hii yataka fedha, tena yataka saburi. Lakini kijana aliyeshika kipimo kando ya fundi atakuwa na elimu ya kutengeneza pampu ya maji na mashine ya kusaga unga pia. Mwiteni awe karibu tangu siku ya kwanza.